Mgema asiyelewesha mtu: siku yangu moja Pageraji

Jana usiku binamu yangu wa Kaloleni aliniandikia: "Kumbe ulitoka Maskati ukaenda Indonesia kugema? Kwani huku minazi imekwisha?" Akamalizia kwa vicheko vinne. Namwelewa. Kwetu ukisema fulani ni mgema, watu wanaona mangweni, mirija na mzee aliyelala kando ya njia.

Mke wangu ni mzaliwa wa hapa. Tulijuana Maskati, yeye akifanya kazi za nyumbani, mimi dereva. Baba yake alipoanza kuumwa magoti tulirudi kwao, kijiji cha Pageraji, tarafa ya Cilongok, wilaya ya Banyumas, Jawa ya Kati. Mgema hapa anaitwa penderes. Anachoteremsha kinaitwa nira, nalo ni tembo tamu lile lile ulijualo, ila halisubiriwi likolee. Linachemshwa likawa gula, sukari ya nazi. (Gula yao na sukari guru yetu majina yake yametoka Uhindi, neno moja la Kisanskriti.)

Saa kumi na moja alfajiri. Sala, kahawa, kisha laru. Laru ni maji ya chokaa yaliyotiwa maganda ya mangostini. Kila pongkor, yaani kile chombo cha mwanzi kinachoning'inizwa juu ya mnazi, hutiwa laru kidogo ili nira isichache kabla hujairudia. Mjomba wangu aliyenifundisha kushika kotama, kisu cha mgema, angecheka hadi alie. Kazi yake yote ilikuwa kungoja lichache, yangu ni kulizuia.

Saa kumi na mbili niko juu ya mti wa kwanza. Nina minazi 22. Kwa wastani kila mmoja ni kama mita 12, na kila mmoja napanda mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri. Siku moja nilipiga hesabu nikiwa nimekaa juu huko: mita 528 kwa siku, kwa wiki 3,696. Mlima Slamet, huu unaofuka mbele yangu, wa pili kwa urefu katika Jawa yote, una mita 3,428. Kwa hiyo kila wiki naupanda na chenji inabaki, kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina, miguu mitupu, bila kamba. Mikanda ya usalama ipo. Ila kuifunga na kuifungua kila mti kungenimalizia asubuhi nzima, na nira haina subira hiyo.

Juu, kazi ni dakika chache. Unashusha pongkor iliyojaa, unakata upunga, kile kikonyo cha maua ya mnazi, kipande chembamba kama karatasi, unaning'iniza nyingine. Ukikata kinene unaumaliza upunga kabla ya siku zake. Ukikata chembamba mno hautoi kitu.

Saa nne nimefika nyumbani na lita kama 30. Kuanzia hapo kazi ni ya mke wangu, nami nasema wazi: nusu ngumu ni hii yake. Muda wa saa nne nzima mbele ya tungku, jiko la kuni, moshi machoni, anakoroga karai. Povu likipanda anarusha nazi iliyokunwa kidogo, linatulia. Mimi napasua kuni, nasinzia, nakula mendoan, ile tempe (soya iliyochachushwa) iliyokaangwa nusu nusu ambayo watu wa Banyumas hawakubali kwamba kuna mahali pengine inaweza kupikwa.

Saa nane na nusu akaja mtu wa mizani.

Simtaji. Ndiye anayenunua sukari ya mtaa wetu, ndiye mwenye duka, na ndiye anayetukopesha mchele mvua zikizidi. Ukishakuwa na deni lake humuuzii mwingine. Tulikuwa na kilo 9 za siku mbili, vipande vya duara vimekaa vizuri kwenye kikapu. Akaketi. Akaomba chai. Akasimulia harusi ya mpwa wake, mwanzo hadi mwisho, na bei ya hema. Kisha akachukua kipande cha juu, akakipita, akachukua cha chini kabisa (wanajua wapi pa kutafuta), akakibonyeza kwa dole gumba. Kikabonyea.

"Gemblung, Mas."

Gemblung kwa Kijawa ni mwendawazimu. Sukari gemblung ni ile iliyokataa kuganda kwa sababu nira ilishaanza kuchacha au ilijaa mvua. Nikamwambia, "Pak, ni kimoja tu, kilimiminwa mwisho." Akavunja cha pili. Kigumu. Cha tatu, kigumu. Akanusa. Akamtazama mke wangu, akauliza kwa upole kabisa kama hatujachanganya sukari nyeupe ya dukani. Ya dukani kwake, labda!

Mke wangu akamjibu kwa Kijawa cha heshima, maneno laini kama pamba, kwamba la, hatujachanganya. Mimi mtu wa pwani nilikuwa nimeshasimama. Kwetu mambo hayo majirani wangeshajaa uani, kila mmoja na hukumu yake. Hapa Bapak, baba mkwe wangu, mwenye miaka 40 ya kupanda minazi, alikaa kwenye benchi akitazama vidole vya miguu yake, akasema, "Nggih." Ndiyo. Akarudia, "Nggih, nggih."

Kikapu kizima kikawa daraja la pili. Rupia 2,000 chini kwa kila kilo, jumla 18,000, karibu bei ya kilo nzima. Kisha akafungua daftari akakata deni la mchele. Kisha akamaliza chai.

Wenzetu walio kwenye vikundi vya gula semut, ile ya chengachenga inayosafirishwa Ulaya na Marekani, wanalipwa zaidi. Lakini miti yao imesajiliwa, majiko yanakaguliwa, na sukari yenyewe sharti iwe kavu kweli. Na kuni zetu mwezi huu zinatoka maji ukizigonga.

Mvua ilianza nikiwa mti wa nne wa alasiri. Wa tano sijui, wa tisa sijui. Unapanda, unafuta uso, unakata, unashuka, matope mpaka magotini. Mti wa kumi na tano, ule ulioinamia mto, mguu wa kulia uliteleza kwenye kidato. Nikakumbatia shina kama mtoto. Mkono mmoja ulikuwa na kotama na sikuweza kuiachia, kwani ingeshukia mguu wangu mwenyewe. Nilibaki hapo nikimfikiria jirani wa ng'ambo ya barabara aliyeanguka miaka miwili nyuma, ambaye sasa anasuka vikapu amekaa. Wanazungumzia minazi mifupi, genjah, unayoigema umesimama chini. Tumepanda sita. Imenifika kiunoni.

Nikapanda iliyobaki. Sikuwa na ushujaa wowote, ila upunga ukiukosa jioni moja unaanza kukauka.

Giza lilikuwa limeingia nilipotua mzigo. Mke wangu alionja nira, akakunja uso: maji mengi. Akaitia karaini hivyo hivyo ichemke isilale mbichi, amalizie asubuhi. Bapak alileta mchele na samaki wa chumvi, na bila kunitazama akaniambia kesho yeye ataupanda ule wa mtoni. Kwa magoti yale. Nikasema nggih, na sote wawili tunajua nitaupanda mimi.

Ujumbe wa binamu bado sijaujibu. Nimejaribu mara tatu, lakini vidole vimenata sukari na simu haivitambui.