Kochi kwa Bajaji, na Kaburi Lisilo na Mtu

Basi la matembezi la meli yetu ya kitalii lilikuwa na kiyoyozi, mwongoza watalii mwenye kipaza sauti, na bei iliyomfanya Shangazi agune. Aliisoma karatasi ya matembezi mbele na nyuma, akaikunja, akaniambia, "Mwanangu, kwa hela hizi si tungezunguka kwa bajaji mpaka dereva mwenyewe aombe kupumzika?" Basi tukashuka bila kibandiko cha kundi lolote kifuani. Tukapita kwa maafisa wa uhamiaji, tukatoka kwenye geti la bandari ya Kochi, kusini-magharibi mwa India, tukiwa na ruhusa ya kutembea hadi saa kumi jioni.

Safari yenyewe ilikuwa zawadi. Binamu yangu anafanya kazi Dubai, meli ilianzia huko, na yeye ndiye aliyelipa ili mama yake afurahie kustaafu. Mimi nilikuwa mbeba mikoba. Shangazi amefundisha shule za msingi Kilwa tangu sijazaliwa, na sijui ni mara ngapi ameandika ubaoni jina la Vasco da Gama, yule baharia Mreno. Alipoona Kochi kwenye orodha ya bandari, hakuuliza habari za nyingine. Alitaka kwenda kuliona kaburi lake.

Nje ya geti bajaji zilijipanga kivulini, nyeusi zenye paa la njano, madereva wakiwa na mashati ya kaki. Wa kwanza alitaja dola. Shangazi akamwambia ataje rupia, maana hapa si Marekani. Akasema elfu moja. Tukapatana mia saba, kuzunguka na kusubiri humo humo, na sharti moja: hakuna kupelekwa madukani. Dereva akacheka, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba duka moja tu, Mama, mkae dakika 10, msinunue kitu, mimi nitapewa kuponi ya mafuta. Ukweli ule ulimpendeza Shangazi kuliko punguzo lenyewe. Duka tuliliingia baadaye, la mazulia na vinyago vya tembo, muuzaji akatutandikia mazulia matano, Shangazi akayasifu yote matano, tukatoka. Kuponi ikapatikana.

Kabla hatujafika hata mjini, dereva alituambia kwamba ardhi tunayopita haikuwepo zamani. Meli za kitalii hufunga gati kwenye kisiwa cha Willingdon, na kisiwa hicho ni tope. Mlango wa bandari ya Kochi ulikuwa umezibwa na fungu la mchanga, meli kubwa zikilazimika kukaa nje baharini. Katika miaka ya 1920 na 1930 Waingereza, chini ya mhandisi Robert Bristow, walilikata fungu lile na kuchimba mlango, na tope lililotoka ndilo lililomwagwa katikati ya ghuba likawa kisiwa. Shangazi alisikiliza, mkono mmoja umeshika bomba la kiti cha dereva, kisha akaniambia kwa Kiswahili, "Kilwa hatukuchimba kitu. Maji ya kina tulipewa bure na Mungu." Hilo ni kweli, na nililifikiria siku nzima. Bandari ya Kochi ilizaliwa kwa mafuriko ya mto Periyar mwaka 1341, yaliyoharibu bandari ya zamani upande wa kaskazini na kufungua mlango huu. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alikuwa ameshapita Kilwa na kuusifu kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa. Yaani mji wetu ulikuwa na sifa zake wakati huu haujapata hata pa kuingizia chombo.

Tukavuka daraja, na hapo ndipo bajaji inapolipa. Haina kioo wala mlango. Harufu ya mafuta ya nazi inakufikia kabla hujaona ndizi zinazokaangwa, honi zinakupigia sikioni, na mwanafunzi wa baiskeli akisimama kando yenu kwenye taa mnaweza kusomeana majina ya madaftari. Mtaa wa Fort Kochi una miti mikubwa yenye matawi yaliyoungana juu ya barabara, na chini yake dereva alizima injini ili tupate upepo. Ilikuwa Januari, msimu wa kaskazi. Kwa hesabu za mababu tulikuwa tumekuja kinyume: miezi hii majahazi hutoka huku kuja kwetu, na kusi ndiyo inayopeleka watu India. Da Gama mwenyewe alisubiri upepo ugeuke. Aliondoka Malindi mwezi Aprili 1498 akiwa na rubani aliyepewa pale, na mwezi Mei akawa Calicut, kaskazini ya hapa.

Ufukweni zipo nyavu za Kichina ambazo kila mtu huja kuzipiga picha. Ni mitambo mikubwa ya miti, wavu umening'inia upande wa maji na mawe yamefungwa kwa kamba upande wa nchi kavu, yakisawazisha uzito ili wavuvi wanne hadi sita waweze kuuinua. Wanazishusha, wanasubiri kidogo, wanazinyanyua. Tuliona zikitoka na samaki wa kutosha sahani moja na magugu mengi. Husimuliwa kuwa zililetwa na Wachina, na wengine humtaja Zheng He, yule amiri wa meli ambaye misafara yake ilifika pia pwani yetu. Mvuvi alitukaribisha tuvute kamba. Nilivuta, nikaombwa chochote, nikatoa. Kwa maoni yangu siku hizi kamba ile inalipa zaidi kuliko wavu, na sioni kwa nini mtu awalaumu.

Palikuwa na ngome karibu na pale. Wareno waliijenga mwaka 1503 na kuiita kwa jina la mfalme wao Manuel, na leo imebaki vipande vya ukuta. Shangazi alitaka kujua iliondokaje. Wadachi waliuteka mji mwaka 1663 na kubomoa sehemu yake, Waingereza wakaja mwaka 1795, na muda si mrefu wakamalizia. Akasimama akiyatazama mawe yale kama anayekagua kazi ya mwanafunzi. Kilwa Kisiwani tunayo Gereza, ngome iliyoanzishwa na Wareno mwaka 1505 na kujengwa upya na Waarabu wa Oman, na bado imesimama mbele ya bahari. Mwenye kuianzisha ni Francisco de Almeida, aliyeivamia Kilwa mwezi Julai mwaka ule, akaichoma Mombasa mwezi Agosti, kisha akaja hapa hapa Kochi kukaa kama makamu wa kwanza wa mfalme wa Ureno huku India.

"Kwao ngome imekufa, mji umebaki," akasema. "Kwetu ngome ndiyo iliyobaki."

Kanisa la Mtakatifu Fransis ni dogo kuliko jina lake. Wareno walianza na la mbao mwaka 1503, na huhesabiwa kuwa kanisa la kwanza la Wazungu nchini India. Ndani kuna mapazia marefu ya nguo yaliyotundikwa juu ya viti. Ni mapanga-boi ya enzi hizo, yalivutwa kwa kamba na mtu aliyekaa nje ili waumini wapate upepo. Nilijikuta namfikiria zaidi yule mvuta kamba kuliko wahubiri wote waliopita pale.

Kaburi liko sakafuni upande wa kulia, bamba la jiwe na uzio mdogo. Vasco da Gama alirudi India mara ya tatu mwaka 1524 akiwa makamu wa mfalme, akaugua, akafia Kochi mkesha wa Krismasi, akazikwa hapa. Baada ya miaka 14 hivi mifupa ikafukuliwa na kupelekwa Ureno. Siku hizi yumo katika sanduku la mawe ndani ya monasteri ya Jerónimos, Lisbon. Kwa hiyo watu wa mabasi matatu ya meli walikuwa wamepanga foleni kupiga picha shimo tupu.

Shangazi alifika kwenye uzio, akainama akasoma, akanyooka.

"Hayupo?"

"Hayupo, Shangazi. Walimhamisha."

"Na dhahabu yetu ameenda nayo."

Hakuwa anatania. Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, Da Gama aliingia bandari ya Kilwa na mizinga, akamtisha mtawala, Amiri Ibrahim, mpaka akakubali kulipa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu hiyo ilifika Lisbon na kufuliwa kuwa chombo cha ibada, kilichokamilika mwaka 1506 na kinachojulikana kama monstransi ya Belém. Kipo katika jumba la makumbusho huko mpaka leo, kimejaa sanamu ndogo za mitume zilizopakwa rangi. Shangazi aliwahi kuwaonyesha wanafunzi picha yake katika kitabu, akasema darasa lilinyamaza, halafu mtoto mmoja akauliza kama tunaweza kuwaandikia barua. Mlinzi wa kanisa akatupa ishara tusogee, foleni ilikuwa ndefu.

Dereva alidhani tumehuzunika, akatupeleka kwa madobi. Eneo lao linaitwa Dhobi Khana. Wadachi walileta familia za Kitamil kuwafulia askari wao sare, na wazao wao bado wanafua kwa mkono, kila mmoja na kizimba chake, nguo zikipigwa juu ya jiwe. Kamba za kuanikia hazina vibanio: zimesokotwa mbili mbili na pembe ya shuka inapenyezwa katikati, upepo uje usije. Shangazi aliomba aonyeshwe mara mbili. Nadhani kati ya yote tuliyoona Kochi, hilo ndilo atakalolifanyia kazi nyumbani.

Mchana tulikula wali na samaki wa mchuzi wa nazi katika mgahawa aliokula dereva mwenyewe, meza moja. Shangazi alisema chumvi imezidi, akaongeza wali.

Mattancherry ndio upande wa biashara. Kasri tuliipitia haraka maana miguu ya Shangazi ilishaanza kulalamika. Huitwa la Wadachi, ingawa Wareno ndio waliomjengea mfalme wa Kochi yapata mwaka 1555 na Wadachi wakalikarabati tu. Michoro ya Ramayana, ule utenzi wa Wahindu, ukutani inastahili mtu mwenye saa nzima na shingo imara. Sinagogi ya Paradesi, ya mwaka 1568, tulikaa zaidi, kwa sababu ya sakafu. Unavua viatu unakanyaga vigae vya Kichina, vyeupe vyenye michoro ya buluu, vilivyoletwa karne ya 18, kila kimoja kimechorwa kwa mkono na hakuna kinachofanana sawasawa na kingine. Wayahudi wenyewe karibu wote walihamia Israeli baada ya 1948. Mtaa bado unaitwa kwa jina lao, lakini wanaouza humo ni wengine.

"Sahani za Kichina hizi tunazikanyaga kwetu," Shangazi alimnong'oneza dereva, safari hii kwa Kiingereza. Aliona haelewi, akamweleza: magofu ya Kilwa na kisiwa jirani cha Songo Mnara yana vipande vya vyombo vya China kila mahali, na ukipita ufukweni maji yakiwa yametoka unaviokota. Dereva akauliza, mbona mji wenye sahani za China uwe magofu? Shangazi akamjibu kirefu, kwamba dhahabu ilikuja kutoka bara kupitia Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, na Wareno walipoikamata njia ile hapakuwa tena na sababu ya wafanyabiashara kupitia Kilwa. Pilipili manga, kwa upande mwingine, inaota hapa hapa milimani nyuma ya Kochi. Yeyote ambaye angekuja angelazimika kuinunua hapa. Sikuwahi kuisikia historia ile ikielezwa kwa maneno machache hivyo, na hakika si darasani kwangu.

Tukarudi kwa Barabara ya Bazaar, ambayo basi la watalii haliwezi kuingia. Bajaji yenyewe ilisimama mara kwa mara kupisha mikokoteni na malori yanayopakuliwa kwa mabega. Maghala yamepangana upande wa maji, milango wazi, magunia ya mchele, tangawizi kavu, iliki, pilipili manga. Vumbi la viungo linaingia puani na wote watatu tulipiga chafya, dereva wa kwanza. Palipokuwa na gunia la karafuu, Shangazi akamwomba asimame. Akachukua moja, akaibana kwa kucha kuona kama mafuta yanatoka, akaitia mdomoni. Mwenye ghala akasubiri hukumu. "Ya mwaka jana," akasema, akanunua robo kilo ya pilipili manga badala yake, baada ya kupunguziwa.

Getini tulimlipa dereva mia saba zake, na Shangazi akamwongezea mia ya chai. Dereva akaomba namba, ili siku akija Tanzania apelekwe Kilwa. Akaelezwa ashuke Dar es Salaam, apande basi kusini hadi Kilwa Masoko, kisha boti. Aliandika yote kwenye simu.

Chakula cha usiku melini huliwa meza za pamoja. Mzee mmoja aliyepanda basi la kiyoyozi akatuonyesha picha za kaburi, amelipiga pande zote, na akashangaa kuambiwa kuwa ni tupu. Mwongozaji wao alisema, lakini yeye alikaa nyuma hakusikia. Shangazi akamsimulia kuhusu dhahabu. Mzee akasikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama Kilwa iko Kenya. Shangazi akasogeza sahani pembeni, akageuza orodha ya chakula upande usioandikwa, akaniomba kalamu, akaanza kuchora pwani kutoka Mogadishu kushuka chini.