Kutafuta cheti cha kifo Mwanza: uliza kwanza alifia wapi

Anayekuja mjini kutafuta cheti cha kifo cha mzazi au ndugu mara nyingi huanza kwa kutaja kijiji. "Sisi kwetu Ukerewe, mzee tulimzika huko huko." Basi anavuka kwenda Nansio, anapanga foleni ofisi ya Mkuu wa Wilaya, karani anapekua daftari, jina halimo. Anarudi akilalamika kwamba serikali imepoteza kumbukumbu. Kumbe mzee alifia hospitali ya Bugando, na Bugando iko wilaya ya Nyamagana.

Kifo husajiliwa katika wilaya kilikotokea. Kaburi liko wapi, marehemu alizaliwa wapi, alikuwa anaishi wapi, hayo yote hayahamishi usajili. Ukilishika hilo umejiokolea nauli nyingi, kwa sababu kanda hii wagonjwa wetu husafiri sana. Bugando ni hospitali ya rufaa ya kanda nzima, hivyo mtu wa Musoma, Bariadi au Chato akifia pale, ingizo lake ni la Nyamagana. Hospitali ya Sekou Toure nayo iko Nyamagana. Wilaya hii ndogo kwa eneo inabeba vifo vya watu ambao hawakuwahi kulala usiku mmoja mjini kabla ya kuugua.

Mkoa wa Mwanza una wilaya saba: Nyamagana, Ilemela, Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema na Ukerewe. Usajili wa vifo ni kazi ya RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, lakini wilayani utawapata kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya, si kwenye jengo la halmashauri. Hapa watu wa Buchosa huchanganyikiwa. Buchosa ni halmashauri, haina Mkuu wa Wilaya wake. Iko ndani ya wilaya ya Sengerema, kwa hiyo safari ni ya Sengerema. Kwa Kwimba ofisi iko Ngudu, kwa Ukerewe iko Nansio.

Mipaka nayo imehama. Mwaka 2012 mikoa ya Geita na Simiyu ilizaliwa. Geita ilikuwa wilaya ya Mwanza, na Busega ilikatwa kutoka Magu ikapelekwa Simiyu. Kwa hiyo kifo kilichotokea Lamadi mwaka 2005 kiliandikwa enzi za Magu, hata kama leo Lamadi iko Busega, Simiyu. Anzia Magu kwenye daftari la zamani, halafu ndipo uulize Busega. Nakala za taarifa za wilaya hupelekwa pia makao makuu ya RITA, na huko ndiko pa kukimbilia daftari la wilaya likiwa limechanika au kuliwa na mchwa.

Kabla hujafika dirishani, angalia vizuri karatasi ulizonazo, maana nyingi zinafanana na cheti na si cheti. Mtu akifia hospitali, ndugu hupewa tangazo la kifo na kibali cha mazishi. Mwili ukisafirishwa nje ya mji kuna kibali kingine cha kusafirisha maiti. Akifia nyumbani, taarifa inapelekwa kwa mtendaji wa kijiji au kata, naye ndiye anayejaza tangazo. Hakuna hata moja kati ya hizo itakayokubaliwa na benki au mfuko wa pensheni badala ya cheti. Hizo ni njia ya kufika kwenye cheti, na Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Siku hizo huisha kabla hata watu hawajaanua matanga vizuri.

Kinachoharibu zaidi ni kibali cha mazishi. Wengi wanakikabidhi makaburini, au kinabaki kwenye mfuko wa koti la mjomba aliyesimamia gari, na mjomba ameshaondoka na basi. Kipige picha kwa simu, mbele na nyuma, kabla mwili haujatoka mochwari. Mtu mmoja, si watatu, ashike karatasi zote.

Sasa kutafuta kwenyewe. Sheria inaruhusu kupekua daftari na kupewa nakala iliyothibitishwa kwa kulipa ada. Maombi yako yawe na majina yote ya marehemu kama yalivyotumika, jinsia, umri wa kukadiria, tarehe ya kifo au angalau mwezi na mwaka, na mahali hasa: hospitali gani na wodi, au kijiji na kitongoji. Ongeza jina la aliyetoa taarifa. Watu hulisahau hili, na mara nyingi ndilo linalookoa, kwa sababu jina la marehemu linaweza kuandikwa vibaya lakini la shangazi aliyesimama dirishani akasaini likawa sahihi.

Jambo jingine ni mpangilio wa daftari. Maingizo hufuatana kwa siku ya kusajiliwa, si kwa siku ya kufa. Mama alifariki Agosti 2009, watoto wakaenda kumsajili 2013 walipotaka mirathi: ingizo liko kwenye daftari la 2013. Karani akipekua 2009 yote atakuambia hakuna, na hatakuwa amekosea. Kwa hiyo uliza nyumbani, "Nani alikwenda kuandikisha, na lini?" kabla ya kuuliza ofisini. Ukipata cheti cha zamani hata kilichofifia, tafuta namba ya ingizo. Ukiwa na namba hiyo na jina la wilaya, hakuna haja ya kupekua daftari zima.

Upande wa hospitali, nenda kitengo cha kumbukumbu za wagonjwa na namba ya faili, au tarehe ya kulazwa. Faili lisipopatikana, ulizia daftari la mochwari. Mwili hauingii wala hautoki bila kuandikwa, na hapo kuna tarehe na jina la ndugu aliyeuchukua. Omba hospitali ikuandikie barua yenye muhuri inayothibitisha tarehe ya kifo. Barua hiyo ndiyo utakayoambatisha wilayani.

Majina, jamani. Kanda ya Ziwa L na R tunabadilishana kama tunavyobadilishana salamu, na muuguzi wa zamu ya usiku anaandika anavyosikia. Malia ni Maria, Lucas ni Rukasi. Juu ya hapo mtu ana jina la ubatizo kanisani, jina la Kisukuma au Kijita kijijini, na jina la tatu kwenye kitambulisho cha NIDA. Mapacha ndiyo taabu kabisa: kila kijiji kina Kulwa na Doto wa kutosha kujaza daftari. Waombe wapekue kwa tahajia zote unazoweza kufikiria, na uziandike kwenye karatasi badala ya kuzitamka. Jina likionekana na kosa, usithubutu kuligusa kwa kalamu, hata kama ni herufi moja. Cheti kilichochorwa kinakataliwa, na wewe unaweza kuitwa mghushi. Unapeleka kwa msajili ombi la marekebisho, hati ya kiapo iliyothibitishwa na wakili au hakimu ikieleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, pamoja na kitambulisho, cheti cha ubatizo, cheti cha ndoa au chochote chenye jina sahihi. Fanya hivyo kabla ya kufungua mirathi. Ukishapeleka mahakamani jina moja na benki wana jingine, unarudi mwanzo.

Maombi yanapokelewa pia mtandaoni kupitia mfumo wa eRITA. Unafungua akaunti, unachagua huduma ya vifo, unajaza taarifa na kupakia nyaraka zilizoskaniwa. Skani, usipige picha kwenye mwanga wa kibatari. Muhuri usiosomeka ndio unaorudisha maombi mengi. Malipo ni kwa kumbukumbu namba ya serikali unayopewa na mfumo, na unailipia kwa simu au benki. Anayekutaka utume hela kwenye namba yake binafsi ili "akusukumie" ni kishoka, hata kama amekaa kwenye benchi la ofisi na faili mkononi.

Kama kifo hakikusajiliwa kabisa, unaomba usajili uliochelewa. Hapo unaanzia chini: barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa wa mahali alipofia, tangazo la kifo au kibali cha mazishi kama kipo, barua ya hospitali, kitambulisho cha marehemu na cha mwombaji, hati ya kiapo. Kadiri miaka inavyokuwa mingi ndivyo msajili anavyotaka ushahidi mzito zaidi, na ni haki yake, maana vyeti vya kifo vya uongo vimewanyang'anya wajane viwanja. Muhtasari wa kikao cha ukoo unasaidia, lakini usiutegemee peke yake: mahakama ya mwanzo inautaka kwa ajili ya kumteua msimamizi wa mirathi, wakati msajili anataka kujua kama mtu alikufa, wapi na lini. Tarehe ndizo zinazowaponza watu. Barua ya mtendaji inasema tarehe 4, kiapo kinasema 14, na msalaba kaburini unasema 5. Kaeni mkubaliane kwa ushahidi kabla wakili hajagonga muhuri.

Kwa babu na bibi waliokufa zamani sana, usijisumbue kutafuta ingizo ambalo pengine halikuwahi kuandikwa. Sheria ya usajili ni ya tangu ukoloni, miaka ya 1920, lakini kwa muda mrefu wilaya nyingi hazikuwalazimisha Waafrika kusajili. Nenda parokiani. Misheni za kando ya ziwa ni za zamani, Bukumbi ilianza 1883, na parokia za Kikatoliki huweka kitabu cha marehemu kando ya kile cha ubatizo. Karibu na jina kwenye kitabu cha ubatizo mara nyingine kuna maandishi ya pembeni ya ndoa au kifo, kwa hiyo usiangalie mstari wa jina tu.

Ziwa nalo lina mambo yake. Aliyezama na mwili ukapatikana, polisi wanahusika na taarifa yao inaambatana na ya daktari. Omba namba ya taarifa ya kituo na uitunze. Wilaya ni ile mwili ulipotolewa na kuchunguzwa, jambo ambalo kwa wavuvi linaweza kuwa mbali na mwalo walikotokea. Asipopatikana, hakuna daktari wala mtendaji wa kukuandikia tangazo la kifo, na msiwashinikize. Njia ni mahakama. Sheria ya Ushahidi inaruhusu mtu kudhaniwa amekufa iwapo kwa miaka 5 wale ambao kwa kawaida wangesikia habari zake hawajasikia. Toeni taarifa polisi siku ile ile, hata kama mnaamini atarudi, kwa sababu bila kumbukumbu hiyo mtakuja kubishana mahakamani kuhusu miaka hiyo inaanza kuhesabiwa lini. Mwenye mtumbwi na wenzake waliokuwa kambini waandikishe maelezo wakati bado wapo mwaloni. Wavuvi wanahama na samaki, na baada ya mwaka mmoja shahidi wako anaweza kuwa Kagera.

La mwisho ni kwa wanafunzi. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kifo cha mzazi kiwe kimehakikiwa na RITA, na uhakiki ni huduma tofauti na kupata cheti. Kuwa na cheti halisi mkononi hakutoshi; unakiskani, unakituma kwenye mfumo, unalipia na kusubiri majibu yenye namba ya uhakiki. Kila dirisha la mikopo likifunguliwa mfumo unaelemewa. Mwenye cheti cha mkono chenye wino uliofifia ndiye anayechelewa zaidi, maana wilaya inabidi ifungue daftari la zamani ilinganishe ingizo. Mwanafunzi akiwa kidato cha sita tu, mwanzishie uhakiki. Mzazi akiwa alifia Zanzibar, uhakiki wake haufanyiki RITA bali wakala wa usajili wa Zanzibar, ZCSRA.