Miaka 2,410

Ijumaa, tarehe 5 Desemba 1997, nilikuwa Atteridgeville, magharibi mwa Pretoria, ambako nilipanga chumba cha uani kwa mama mmoja tuliyemwita Mma. Redio yake ilikaa jikoni, na siku hiyo sote tulikuwa jikoni. Moses Sithole alikuwa anasomewa adhabu.

Alikwisha kutiwa hatiani kwa mauaji 38, ubakaji 40 na unyang'anyi 6. Jaji David Curlewis akapiga hesabu: miaka 50 kwa kila roho, 12 kwa kila ubakaji, 5 kwa kila unyang'anyi. Mtangazaji alipotaja jumla, miaka 2,410, mpwa wa Mma akaangua kicheko kikavu. "Na asiombe kutoka kabla ya miaka 930! Nani atakuwepo kumfungulia mlango?"

Nami niliona kama mzaha, hadi kijana wa jirani, aliyekuwa akisomea sheria, alipotufafanulia. Angefungwa maisha, baada ya miaka 25 angeweza kuomba kuachiwa. Kitanzi nacho hakikuwepo tena. Mahakama ya Katiba ilikuwa imekifuta Juni 1995, miezi michache tu kabla Sithole hajakamatwa. Jaji mwenyewe alisema wazi kwamba adhabu ya kifo ingekuwepo, angeitoa.

Hapo ndipo jikoni palipochafuka. Mpwa alitaka anyongwe, basi. Mma hakutaka hata kulisikia neno hilo. "Hapa hapa Pretoria Makaburu walinyonga watoto wetu," alisema. "Mimi siwaombei kamba warudishiwe." Hakuna aliyemjibu. Mgeni kama mimi ningejibu nini?

Kilichonikaa moyoni, hata hivyo, si hesabu ya jaji. Ni chambo. Sithole hakuvunja nyumba za watu usiku. Alivaa vizuri, akazungumza kwa adabu, akajidai ana shirika la kutetea watoto wanaoteswa, na akawaahidi wanawake kazi. Wengi walikwenda naye mchana kweupe, wakidhani wanakwenda kuanza maisha, akawapitisha porini. Magazeti yaliyaita mauaji ya ABC, kwa herufi za kwanza za Atteridgeville, Boksburg na Cleveland. Septemba 1995 maiti zilipokutwa kwa wingi karibu na mgodi mmoja huko Boksburg, Rais Mandela mwenyewe alikwenda kupaona. Nadhani hakuna mtego ambao ungenasa watu wengi zaidi katika nchi ile, ambako binti aliyemaliza shule angeweza kuzunguka mwaka mzima na vyeti mkononi bila kupata hata kazi ya kufagia.

Mpwa wa Mma alikuwa mmoja wao. Kelele zilipotulia akasema, bila kumtazama mtu, "Mwaka ule angenifuata mimi, ningekwenda."

Mma akamuuliza usaili wake ni lini. Ulikuwa Jumatatu, mjini, kwa mwajiri aliyempigia simu tu, hajawahi kumwona. Mma akamgeukia yule kijana wa sheria: utamsindikiza hadi mlangoni, utakaa nje mpaka atoke. Kijana akalalamika kwamba hana nauli. Mma akafungua pochi, akahesabu sarafu za kwenda na kurudi za watu wawili, kisha akamwambia asithubutu kumrudia na chenji pekee.