Sita Iliyosomwa Nane

Karatasi niliyopewa ilikuwa na kiasi kimoja tu, shilingi 4,620,000. Makadirio ya gereji ya kutengeneza gari langu lililopata ajali yalikuwa 9,600,000. Ofisa wa madai wa kampuni ya bima aliigeuza inielekee, akaweka kidole pale pa sahihi.

"Ukisaini leo mama, wiki ijayo hela inasoma kwenye akaunti."

Juu ya mstari wa sahihi palikuwa na maandishi madogo: malipo kamili na ya mwisho, mdai hatakuwa na dai lingine lolote kuhusu ajali hii. Hiyo ndiyo vocha. Wengi huisaini wakidhani ni risiti ya kupokelea pesa, kumbe ni hati ya kuachia madai, na ukishaiweka sahihi, hata anayetaka kukusaidia anapata taabu pa kuanzia. Nilimwambia naenda kusoma nyumbani. Akasema ofa ina siku zake. Nikamwomba aniandikie siku hizo ni ngapi; hakuandika.

Ajali ilitokea Machi 2021, masika yamekolea. Canter yangu, lori dogo, ilikuwa imepakia viazi Isyonje, mkoani Mbeya, gunia 35, inakwenda Dar es Salaam. Baada ya Uyole, kwenye mteremko wa kuelekea Inyala, ukungu ulikuwa mzito na kulikuwa na lori limeharibika limeegeshwa barabarani. Matawi ya majani yalikuwepo ila hatua chache tu nyuma yake, wala haikuwepo pembetatu yoyote. Dereva alikwepa, akagonga ukingo. Alitoka na mchubuko wa goti, akatibiwa kwa PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Viazi nilivihamishia gari jingine usiku uleule, vilivyopondeka vikaishia hapohapo. Hivyo sikuvidai, kwa sababu bima kubwa ya gari hailipi mzigo. Mzigo una bima yake, na mimi sikuwa nimeikata.

Kilichoniokoa mapema ni kwamba dereva hakuliondoa gari mpaka askari wa usalama barabarani walipochora ramani ya eneo. Kesho yake mkaguzi wa magari wa polisi alilipima na kujaza fomu ya ukaguzi. Fomu hiyo ina sehemu ya hali ya gari kabla ya ajali: breki, usukani, tairi, taa. Yangu iliandikwa kwamba hapakuwa na ubovu uliochangia. Ingeandikwa breki mbovu, habari ingekuwa imekwisha, maana mkataba ulidai gari liwe zima linapokuwa barabarani. Fomu ya madai niliijaza mwenyewe, sikumwachia wakala. Wakala mwenye haraka anaweza kuandika "mwendo wa kawaida" pale panapotakiwa kilomita kwa saa, halafu maneno yake mwenyewe yanakurudia wewe kama swali.

Gari lilivutwa hadi gereji moja ya Sido, Mwanjelwa. Fundi alitoa profoma, yaani makadirio ya bei kwa maandishi, ya mafungu mawili: spea 7,200,000, ufundi na rangi 2,400,000. Ndani ya spea, kichwa kizima, yaani kebini ya dereva, kilikuwa cha mtumba, 4,500,000. Zilizobaki, yaani rejeta, bampa, taa kubwa mbili, feni na vikorokoro vyake, zilikuwa mpya, 2,700,000. Nilimsisitiza aandike wazi kipi kipya na kipi mtumba. Wakati ule nilifanya hivyo kwa kuogopa kuibiwa na fundi. Sikujua mstari huo utanifaa mahali pengine.

Mtathmini wa hasara alikuja mara moja, akapiga picha robo saa, akaondoka. Wiki saba baadaye ndipo ikaja hiyo 4,620,000.

Niliomba nakala ya ripoti ya tathmini. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba ni ya ofisi. Nikaandika barua ya mistari minne, naomba ripoti pamoja na mchanganuo wa namna kiasi cha fidia kilivyopatikana, nikaipeleka kwa mkono na nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ombi la mdomo lilikuwa limekaa siku kumi bila majibu. Lile lenye muhuri lilijibiwa siku ya tatu.

Mchanganuo ulikuwa na makato matatu, moja juu ya jingine. Kwanza uchakavu, asilimia 30 ya spea zote: 7,200,000 ikashuka hadi 5,040,000, ukijumlisha ufundi ikawa 7,440,000. Pili kifungu cha wastani. Hiki si kila mkataba wa gari unacho, wangu ulikuwa nacho. Kinasema kama umelikatia gari bima kwa thamani ndogo kuliko thamani yake ya siku ya ajali, utalipwa kwa uwiano uleule. Mimi nililikatia milioni 18. Ripoti ilisema gari lina thamani ya milioni 24. Kumi na nane kwa ishirini na nne ni asilimia 75, kwa hiyo 7,440,000 ikawa 5,580,000. Tatu ekses, sehemu anayobeba mwenye gari, asilimia 10. Waliipiga kwenye 9,600,000 nzima, ikatoka 960,000. Hapo ndipo inapatikana 4,620,000, na ukiifuata kwa kikokotoo haina kosa la kujumlisha wala kutoa. Kwa hiyo hata nilipompa binti yangu aihakiki, alirudi akisema, "Mama, mbona hesabu iko sawa?"

Ilikuwa sawa. Kilichonikera ni ile milioni 24. Canter yangu ni ya mwaka 1999. Nani angeinunua kwa bei hiyo hapa Mbeya, akiwa na akili zake? Nikarudi ukurasa wa kwanza wa ripoti, pale pa maelezo ya gari. Aina: Mitsubishi Canter. Chasisi: FE83, kisha tarakimu zake zote, sahihi kabisa mpaka ya mwisho. Nikatoa kadi ya gari. FE63.

Asubuhi yake nikaenda gereji. Fundi alileta tochi, brashi ya waya na dizeli kidogo kwenye kopo. Namba imegongwa kwenye fremu, na tope la Isyonje lilikuwa limekauka juu yake pamoja na grisi. Lilikuwa limeziba ule mkia wa juu wa sita, likaufunga hadi ukawa duara. Kwa mtu anayepiga picha akiwa amesimama, ilikuwa nane safi. Fundi akasugua, akapangusa kwa kitambaa, akaangaza kwa ubavu ili kivuli kiingie kwenye michoro.

"Sita hii mama. Ingekuwa FE83 hata kichwa nilichonunua kisingekaa. Hizo ni shepu mpya, za kuanzia 2002."

Nilipiga picha tatu: kabla ya kusugua, baada ya kusugua, na moja kadi ikiwa imeshikwa kando ya namba. Nakala ya kadi hiyohiyo walikuwa nayo kwenye faili langu tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyeifungua.

Thamani niliitafuta upya. Sikutaka kupeleka maneno ya "kwa bei za mtaani". Nilimlipa mthamini wa magari, akalipima kama FE63 ya 1999 katika hali iliyokuwa nayo kabla ya ajali, akaandika 17,500,000. Ipo chini ya milioni 18. Maana yake nilikuwa nimelipa ada ya kutosha, hata zaidi kidogo, na kifungu cha wastani hakikuwa na mahali pa kushika.

Barua ya pili ilikuwa kurasa mbili, na sikuweka neno "dhuluma" hata mara moja, ingawa lilinijia mdomoni mara nyingi. Niliandika chasisi isahihishwe na kifungu cha wastani kiondolewe, nikaambatanisha picha, kadi na tathmini. Kuhusu uchakavu nilieleza kwamba kato hilo lina maana pale spea mpya inapochukua nafasi ya kuukuu, kwa sababu mwenye gari anabaki na kitu bora kuliko alichokuwa nacho. Kichwa cha mtumba hakinipi ubora wowote. Nimetolewa kikuukuu, nimewekewa kikuukuu. Asilimia 30 ihusu 2,700,000 tu. Kuhusu ekses nilinakili maneno ya mkataba wao wenyewe: asilimia 10 ya "madai yanayolipwa", isiyopungua 500,000. Kinacholipwa hakiwezi kuwa profoma ambayo wameshaikata. Nikaomba jibu la maandishi ndani ya siku 14, nikaandika chini kwamba nakala inakwenda ofisi ya kanda ya TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, hapa Mbeya, na kweli nikaipeleka. Nilijua pia kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, lakini huko unakwenda ukiwa umeshaipa kampuni nafasi ya kujibu na una karatasi ya kuthibitisha hivyo.

Siku ya 11 walipiga simu. Ofisa alikuwa mwingine, ana sauti ya upole. Alisema wapo tayari kuondoa wastani, uchakavu ubaki ulivyo, "tukutane katikati mama yangu". Nilimjibu kwamba nasubiri maandishi. Katikati ya nini na nini?

Maandishi yalikuja mwishoni mwa Juni. 9,600,000 toa uchakavu wa spea mpya 810,000, inabaki 8,790,000. Toa ekses 879,000. Fidia 7,911,000. Sikugombea ile 810,000, ingawa fundi alinichochea. Kwa rejeta mpya niliona wana hoja.

Vocha ya pili niliisaini Julai, baada ya kuihakiki jina, namba ya gari, tarehe ya ajali na chasisi, herufi kwa herufi. Miezi minne ya gari kulala hakuna aliyeilipa, wala mkataba haukuahidi. Msimu ule viazi vyangu vilisafiri kwa magari ya watu.

Wakati wa kuhuisha bima wakala alikuja na fomu akiwa tayari ameshaijaza nusu, gari limeandikwa la 2003. Nikampa kadi asome mwenyewe, kwa sauti, tarakimu moja moja.

"Efu, i, sita…"

"Rudia hapo," nikamwambia.