Mluzi wa saa mbili usiku

Mwaka 2003 nilikuwa mwendesha simu ya upepo kwenye zahanati moja ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Kigoma. Barabara hatukuwa nayo, na minara ya simu za mkononi ilikuwa haijatufikia. Njia yetu ilikuwa maji. Kwa hiyo ile redio, betri yake ya gari, paneli ya sola na waya wa antena uliovutwa kutoka mwembe hadi mwembe ndiyo iliyokuwa sauti yetu.

Jumanne, tarehe 28 Oktoba, Ramadhani ndiyo kwanza imeanza. Nesi alikuwa na mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu tangu usiku, mtoto hashuki. Saa nane mchana, wakati wetu wa kuitana na Kigoma, nikaanza kuomba boti. Mwenzangu wa Kigoma alinisoma vizuri. Akauliza huu ni uzazi wa ngapi. Nikageuka kumuuliza nesi, na niliporudi kwenye maiki Kigoma haikuwepo.

Ukimya ule sijausahau. Redio ya masafa mafupi hainyamazi hata kama hakuna anayezungumza. Daima ina mchakacho, kama dagaa wanaokaangwa, na ngurumo za radi za ng'ambo ya Kongo zinapasukapasuka humo ndani. Siku ile mchakacho wenyewe ulififia, ukafifia, mpaka nikasikia kuku wakiparua nje ya dirisha. Taa ya redio inawaka. Betri imejaa. Nikaandika kwenye daftari la zamu: "8:10 mch. Redio imekufa."

Nilibadilisha fyuzi. Nikakwangua vichwa vya betri kwa kisu. Nikapanda mwembe na kuupapasa waya wote kwa vidole nikitafuta palipokatika. Mwisho nikafungua skrubu za redio yenyewe, jambo nililokatazwa. Mzee aliyenifundisha kazi angesema, "Hewa imechafuka, mwanangu, subiri." Lakini yule mama hakuwa na muda wa kusubiri. Kilikuwa kipindi cha giza la mwezi, wavuvi wa dagaa wanaandaa karabai zao. Mmoja mwenye injini akakubali kuacha riziki ya usiku ule. Mama akateremshwa ufukweni kwa kitanda cha kamba, nesi akapanda naye. Mumewe akabaki na watoto wawili wadogo.

Baadaye nilipewa barua ya onyo: uzembe uliosababisha kukatika kwa mawasiliano. Niliikunja nikaitunza miaka tisa, nikiiamini.

Mwaka 2012 nilikuwa darasani Dar es Salaam, kozi ya mawasiliano, mwalimu akaonyesha ukutani mchoro wa miale ya eksirei kutoka kwenye jua. Mstari unakwenda chini chini, halafu unapanda kama mnazi. Chini yake: 28 Oktoba 2003, saa 11:10 za kimataifa. Nikaongeza tatu: 14:10, yaani saa nane na dakika kumi mchana kwetu. Mikono ilianza kunitetemeka nikaificha chini ya dawati.

Mlipuko ule wa jua ulikuwa wa daraja la X17 (X ndilo daraja la juu kabisa), miongoni mwa mikubwa kuwahi kupimwa, na jua lilikuwa juu ya Afrika. Miale yake hutumia dakika nane kufika. Ilipofika ililiongezea chembe za umeme tabaka la chini la ionosfia (hewa ya juu sana yenye chembe za umeme), lile lililo kama kilomita 60 hadi 90 juu yetu, likayameza mawimbi yangu kabla hayajafika kwenye tabaka la juu linaloyarudisha duniani. Likameza pia mchakacho wa radi za mbali. Ndiyo maana nilisikia kuku.

Na huo ulikuwa mwanzo. Nyuma ya mwanga lilikuja wingu la gesi yenye umeme. Mawingu kama hayo kwa kawaida huchukua siku mbili tatu njiani. Lile lilitumia saa 19 tu, likaupiga uga wa sumaku wa dunia tarehe 29 saa tatu asubuhi kwa saa zetu. Kesho yake usiku mji wa Malmö, Sweden, ulikosa umeme.

Sisi huku tuna msukosuko wetu. Ikweta ya sumaku inapita kaskazini mwetu, Ethiopia. Jua likizama, ionosfia ya ukanda huu hubaki nzito juu na nyepesi chini, kama maji yaliyomiminwa juu ya mafuta. Mapovu huanza kupanda, yanajinyoosha kufuata mistari ya sumaku, kaskazini na kusini, hadi kwetu. Dhoruba za sumaku kama ile, nyingine huyazima, nyingine huyachochea. Wimbi likipita humo hutoka limevurugika.

Usiku wa tarehe 29, saa mbili, watu wamekwisha kufuturu, Kigoma ilisikika. Mume wa yule mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Sauti ilikuja kama ya mtu anayezungumza huku akiendesha baiskeli kwenye mawe. "Ma-a-a... mto-o..." Silabi zote zimesagwa. "Rudia, ova." Akarudia mara nne. Nilisikia "mama", nikasikia "mtoto", na kilichofuata baada ya maneno hayo sikukipata. Yule baba hakuuliza kitu. Nilisikia tu pumzi yake shingoni mwangu.

Nikasema polepole, neno moja moja: "Wote wazima, piga mluzi mara mbili. Kama sivyo, mara moja. Mrefu. Ova." Kwetu mluzi haupigwi usiku, unaita nyoka na mashetani, na nadhani mwenzangu alisita, maana palikuwa kimya kitambo.

Mluzi ukaja, unatetemeka kama kibatari kwenye upepo, lakini mrefu, haukatiki. Ukaisha. Nikahesabu moyoni. Nilifika saba.

Ukaja wa pili.

Yule baba aliweka kiganja chake begani kwangu, akakiacha hapo muda, halafu akatoka bila neno. Nilimsikia akishuka njia ya kwa mama mkwe wake gizani, akipiga mluzi, mara mbili mbili, na hakuna mtu aliyemkemea.