Nilihamia Mombasa mwezi ambao watalii wanaondoka

Mimi ni mtu wa Marangu, na mtu wa Marangu hahitaji kufundishwa mji wa watalii ulivyo. Lango la Kilimanjaro liko juu ya kwetu. Tangu utoto nimeona magari yakipandisha wageni, na kaka zetu wakienda ugumu, yaani upagazi wa mlimani, mzigo wa kilo 20 kichwani. Huo mlima wa mita 5,895 mimi sijafika kileleni, na wengi wa rika langu vilevile. Wageni wakisikia hivyo hushangaa. Sisi tunautazama asubuhi kujua kama mvua iko karibu, basi.

Kwa hiyo nilipopata kazi Mombasa ya ufundi wa friji na AC, sikujidanganya kwamba naujua mji. Nilishawahi kwenda likizo, kwa basi la Holili, Taveta na Voi, nikafanya yote ya mgeni: Fort Jesus, picha kwenye Pembe za Ndovu pale Moi Avenue, madafu na muhogo wa kukaanga kando ya bahari pale Mama Ngina. Nilirudi nyumbani nimeupenda mji na sijui hata maji niliyooga yalitoka wapi.

Nilichagua kuhamia mwezi wa Mei. Jamaa zangu walishangaa, maana Mei masika bado imeshika, upepo wa kusi umeanza kuvuma, mwani umejaa ufukweni na hoteli nyingine zimefunga milango. Lakini kwetu nako Aprili na Mei njia za mlimani ni tope tupu, na wagumu wako nyumbani wanakata majani ya ng'ombe. Nimekua nikiona kwamba huo ndio wakati watu wa mji wa watalii wanakuwa wao wenyewe, wana nafasi ya kuongea na wewe na hawakupigii hesabu.

Nyumba niliipata upesi. Huku Bamburi na Nyali nyumba nyingi zilizo karibu na bahari hukodishwa kwa usiku, hasa Desemba watu wa Nairobi wanaposhuka, na mwenye nyumba anayeweza kupata pesa ya wiki mbili kwa mkupuo hana hamu na mpangaji wa mwezi. Mei hana wa kumlipa. Nilimwambia mzee mwenye nyumba kwamba nataka mwaka mzima, Desemba ikiwemo, na tuandikiane. Alifikiri kidogo, akatia saini, akapunguza na kodi. Nina hakika ningeomba hivyo Novemba angenicheka.

Kilichonichukua muda ni maji. Nyumbani mfongo, mfereji wetu wa maji, unapita nyuma ya kihamba, shamba la nyumbani, na maji unayasikia usiku kucha. Mombasa ni kisiwa chenye bahari pande zote na maji ya kunywa yanasafiri kuja: mengine kutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi, zaidi ya kilomita 200, mengine kutoka visima vya Baricho kando ya mto Sabaki. Hayatoshi mji mzima. Siku ya tatu bomba lilikauka, nikamwendea jirani, Bi mkubwa mmoja anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi.

"Shikamoo Bi. Maji leo hayapo?"

"Marahaba mwanangu. Hapa usiulize kama yapo. Uliza yaja siku gani."

Yeye ndiye aliyenielekeza. Maji ya kisima, yenye chumvi, ni ya chooni na kudeki. Ya bomba yakija unajaza tangi na kila ndoo uliyonayo, hata kama ni saa nane za usiku. Hayo ni ya kupikia na kufulia nguo nyeupe. Yakikatika siku nyingi unamwita kijana wa mkokoteni akuletee mitungi ya lita 20, na uwe na kijana wako mmoja, usimbadilishebadilishe, kwa sababu siku za shida anawahudumia kwanza wateja wake. Mgeni wa hotelini hataonja hata kidogo cha haya. Hoteli ina visima vyake na malori ya maji, naye anaoga mara tatu kwa siku.

Kazi nayo ilikwenda kinyume na nilivyotarajia. Hewa ya chumvi inakula mashine: ile sehemu ya AC inayokaa nje, ikielekea bahari, inaota kutu mpaka mapezi yake, vile vibati vyembamba, yanamong'onyoka mkononi. Wageni wakiwa wamejaa, hakuna meneja atakayekuruhusu kufungua chumba. Wakiondoka ndipo unaitwa, vyumba ishirini kwa mpigo. Msimu wao wa njaa ni msimu wangu wa kazi. Tatizo ni kwamba ni msimu wao wa njaa kweli, na malipo huja pole pole. Nikaweka masharti: gesi na vipuri mnalipa mbele, ufundi nasubiri. Na nisitegemee hoteli peke yake. Nilitafuta wauza samaki, mabucha, wanawake wanaouza barafu na juisi. Hao wanakuhitaji upepo wa kaskazi unapoanza na joto kupanda, na Ramadhani ikikaribia simu hailali, maana hakuna anayetaka kufuturu na juisi ya moto.

Hao wateja wadogo ndio waliniokoa mwaka 2020. Aprili ile, kwa sababu ya korona, kuingia na kutoka Mombasa kulizuiwa, hoteli zikafungwa, na nyumbani Marangu wagumu walikaa bila kazi kwa kuwa ndege hazikuja. Friji za samaki ziliendelea kuharibika.

Kuhusu bei, nina maoni yangu. Bei ya mgeni siiiti wizi. Mtu anayeuza miezi minne lazima ale miezi kumi na miwili, na kaka zangu walifanya hivyohivyo kwa fimbo za kupandia mlima. Ila anayeishi hapa hawezi kuibeba. Nilinunua mboga soko la Kongowea badala ya njia ya ufukweni, nilipanda matatu badala ya tuktuk, na nilikula kwa watu walewale mvua na jua. Siku moja dereva wa tuktuk alinitajia nauli ya kutisha, Bi mkubwa akamkatiza kutoka kwenye karai lake: "Wewe, huyo si mgeni. Huyo ni Mbongo wetu." Nauli ikashuka nusu papo hapo.

Desemba iliyopita dada yangu alishuka na watoto. Walitaka kupanda ngamia pale ufukwe wa Pirates, mahali ambapo sikuwa nimekanyaga tangu nihamie. Nilijitia mwenyeji, nikaanza kupatana kwa sauti ya mtu anayejua bei. Mwenye ngamia akanitazama, akawatazama watoto na maboya yao mapya, akanitajia bei ya mgeni. Nikalipa.