Taa Iliyoitambua Mwanza na Kuikataa Kigoma

Reli yangu ya mfano, niliyoitandaza juu ya ubao sebuleni kwangu hapa Tabora, inagawanyika kama ile halisi: njia moja huelekea Kigoma na nyingine Mwanza. Ndimi za reli (vipande vinavyosogea kuchagua njia) huzigeuza kwa mota kuukuu ya kufungia mlango wa gari, ambayo husukuma au huvuta kulingana na umeme ulivyoelekezwa.

Fundi mmoja aliniambia kwa kujiamini nifunge taa sambamba na mota, yaani kila kimoja kipate umeme kwa tawi lake, ili nijue kama inafanya kazi. Nilimtii, nikapoteza Jumamosi nzima nikiipaka grisi mota ambayo waya wake ulikuwa umekatika ndani, huku taa ikiwaka bila wasiwasi wowote, kwa sababu taa ya namna hiyo huonyesha kwamba volteji imefika, wala haionyeshi kwamba mkondo umepita. Nilipokwisha kuitengeneza mota na kuihamishia taa kwenye mfululizo, yaani umeme upite kwenye taa ndipo ufike kwenye mota, taa ilibana mkondo hata mota ikabaki kuguna tu.

Ndipo nikakumbuka kwamba dayodi, kipande kinachopitisha mkondo upande mmoja tu, huacha inapoupitisha takriban volti 0.7 kati ya ncha zake. Kwenye waya wa mota nililehemu dayodi mbili za ampea 3 kwa mfululizo, na sambamba nazo nyingine mbili zilizogeuzwa kwa ajili ya mkondo wa upande wa pili; volti 1.4 hivi zinazopatikana hapo zinatosha kuamsha optokapla, kifaa kinachowasha saketi nyingine kwa mwanga bila nyaya kugusana, niliyoichomoa kwenye chaja mbovu ya simu, kupitia rezista (kizuia mkondo) ya omu 47. Upande wa pili wa optokapla huwasha LED (dayodi itoayo mwanga) kwa umeme wa chaja nyingine nzima.

Nilipoijaribu, taa iliwaka kwa Mwanza; kwa Kigoma, giza. Nilibadilisha kitufe, nikakwangua nyaya, nikamshuku hata muuza betri, mpaka mjukuu wangu akauliza, “Babu, kwani Kigoma wamekatiwa umeme?” Nilicheka, kisha nikanyamaza: ndani ya optokapla mna LED, nayo hupitisha mkondo upande mmoja tu! Mtu niliyejisifu kwa dayodi nne nilikuwa nimeisahau ya tano.

Nilifunga optokapla ya pili kinyume na ya kwanza, na tangu hapo taa huwaka kwa njia zote mbili. Kitufe nakibonyeza kwa nusu sekunda tu, maana ukikikalia dayodi huchemka. Gharama yote haikufika shilingi elfu kumi, ingawa majirani sasa huzificha chaja zao mbovu wanionapo.